Mama Majani na Mchicha wa Bondeni

Baada ya kuosha, kukatakata, kukausha na kuchoma mboga za watu kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne, Fundi Sampuli wetu, yule ambaye jengo zima linamwita Mama Majani, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri. Kazi hufungwa saa tisa kamili. Hiyo nusu saa ameiomba mwenyewe, kwa sababu amekataa katakata kuondoka kabla tanuri halijapoa.

Kamati ya maandalizi imeniomba niandike wasifu mfupi, wa kuchekesha, na usiogusa kabisa suala la bondeni. Ufupi nitajitahidi. Kuchekesha si kazi, maana mhusika mwenyewe ni kichekesho. Ila hilo la tatu, kamati mnisamehe. Katika faili la mama huyu kumekaa barua moja ya onyo kali, na kwa ajili ya barua hiyo amekaa miaka yote hii akiwa Fundi Sampuli Daraja la Pili, cheo alichokipata mwaka wake wa saba kazini. Mfanyakazi mpya hamalizi wiki hapa kabla ya kunong'onezwa kwamba huyo mama mpole wa chumba cha nyuma nusura aangamize mboga za bonde zima. Leo ndiyo nafasi ya mwisho ya kulinyoosha jambo hilo akiwa bado mtumishi mwenzetu, nami nimekusudia kulinyoosha. Lakini tuanze alikoanzia.

Kuja kwake hapa kulikuwa bahati tupu. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na aliomba kazi ya upishi kwenye kantini ya watumishi. Karani wa ajira aliposoma kwamba mwombaji ana ujuzi wa visu, mizani na tanuri, akaona huyu anafaa maabara ya kupima mionzi katika vyakula, akamleta kwetu. Mwenyewe hakuambiwa. Kwa siku mbili alikatakata kabeji kwa ustadi mkubwa huku akijiuliza ni watumishi gani hawa wanaokula majivu. Siku ya tatu, kwa nia njema kabisa, akatia chumvi kwenye sampuli.

Majivu ya kabeji ile yalitoka mazito ajabu. Mtaalamu wa zamu aliyapima mara tatu, akakuna kichwa, kisha akaandika ripoti ya kurasa nne kuhusu uwezekano wa kuwepo udongo wa chumvi kwenye shamba lile. Ripoti ilikuwa imeshafika kwa mkurugenzi wakati Mama Majani alipouliza kama wiki ijayo aongeze na pilipili. Mtaalamu yule aliomba uhamisho mwezi uliofuata, na tunaambiwa hadi leo hapendi kabeji.

Kwa faida ya ndugu na majirani waliokuja kumsindikiza, ambao najua wengi wenu bado mnaamini ni mpishi, nieleze kazi yetu kwa kifupi. Kinu cha nyuklia kikipata ajali, hata kama ni nchi ya mbali huko, vumbi lenye mionzi hupanda hewani. Halionekani, halinuki, wala halina adabu ya kusimama mpakani. Upepo unalichukua, mvua inalishusha, na mahali pa kwanza linapotua ni juu ya majani: mchicha, spinachi, kabeji, malisho ya ng'ombe. Viazi vimejificha chini ya udongo, kwa hiyo mwanzoni vinasalimika. Ng'ombe akila majani yale, maziwa nayo hayawi salama. Sasa, sehemu ya vumbi hilo ni iodini, na sehemu ni seziamu. Wanafunzi wanapotembelea maabara, Mama Majani huwaambia kwamba iodini ni mgeni mwenye makelele, anasumbua wiki chache halafu anaondoka. Seziamu ni yule shemeji aliyekuja kwa siku tatu, na sasa anachagua rangi ya mapazia. Inazama kwenye udongo, inakaa miaka na miaka, na mizizi ya mimea inaipokea kwa kudhani ni potasiamu, chakula chake cha kawaida. Nimesoma vitabu vinene kuhusu mambo haya na sijaona palipoelezwa vizuri zaidi.

Jina la Mama Majani lilitokana na hapo. Habari ya ajali ikitangazwa, sisi wataalamu huanza kubishana kuhusu upepo, ramani na aina ya kinu. Yeye huwa ameshavaa glavu, anauliza majani yako wapi. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hali majani. Hali kabisa! Hofu ya mionzi haimo, ni kuchoka kuyaona tu. Mumewe, fundi cherehani, mtu mtaratibu asiyependa ugomvi, hujipikia mchicha wake siku mke akiwa zamu, halafu anafungua madirisha yote.

Chumba chake cha sampuli kilikuwa na sheria kuliko bunge. Viatu mlangoni. Kila jani lioshwe kwa maji matatu, na lingine la shamba hilohilo liachwe bila kuoshwa, ili tujue ni mionzi kiasi gani inaondoka kwa bomba la jikoni na ni kiasi gani imeshaingia ndani. Na kitu chochote kitakachokutwa juu ya meza yake ni sampuli. Sheria hii ya mwisho tuliichukulia utani, hadi siku daktari mmoja wa falsafa, mgeni wetu aliyekuja kwa mafunzo ya mwezi mmoja, alipoacha chakula chake cha mchana juu ya meza ile na kwenda kupokea simu. Alirudi akakuta majivu gramu kumi na mbili kwenye kikombe, lebo yenye tarehe na saa, na karatasi ya matokeo inayosema chakula hicho ni salama kwa kuliwa. Mgeni alilalamika hadi kwa mkurugenzi. Mkurugenzi akaomba kuiona karatasi, akakuta kila kitu kimejazwa kama inavyotakiwa, akairudisha kwenye faili.

Amewafundisha watu kumi na wanne kazi hii. Watatu kati yao wamekuwa wakubwa zake, akiwemo mkurugenzi wetu wa sasa, ambaye wiki yake ya kwanza alijikata kidole mara mbili akimenya viazi. Mama Majani alimfunga plasta, akamwita mwanangu, akamkabidhi kisu butu. Mpaka leo mkurugenzi akiingia chumba kile huacha viatu mlangoni na mikono anaiweka nyuma.

Haya, bondeni.

Ni miaka kumi na tisa sasa. Kinu kimoja cha mbali kilipata ajali, na siku tisa baadaye mvua kubwa ikanyesha kwetu. Sampuli zikamiminika kutoka kila upande hadi tukakosa pa kukanyaga. Mimi wakati huo nilikuwa mpimaji mpya kwenye chumba cha mashine, upande wa pili wa kidirisha cha Mama Majani, mwezi wangu wa tano katika miezi sita ya majaribio. Nilikuwa na shati moja zuri na maoni mengi.

Ili jambo hili lieleweke, lazima mjue safari ya fomu. Mboga ikifika, Mama Majani anaipima ikiwa mbichi, anaandika uzito. Kisha anaikausha kwenye tanuri, anaipima tena, anaandika uzito wa pili. Mchicha una maji mengi mno: kilo kumi mbichi zinatoa kama kilo moja kavu. Sampuli na fomu yake vinapita kidirishani, mashine inahesabu mionzi, na mpimaji anagawanya jibu kwa uzito ule wa mboga mbichi. Kwa nini mbichi? Kwa sababu mtu anakwenda sokoni kununua fungu la mchicha, haendi kununua unga wa mchicha, na kikomo cha usalama kimewekwa kwa kilo inayoliwa. Ukigawanya kwa uzito mkavu, jibu linavimba mara kumi.

Ijumaa ile mchicha wa bonde linalolisha mji huu mboga ulitoka mara tatu ya kikomo. Mkurugenzi wa wakati ule, mtu mwenye hofu na mwenye gari jipya, hakungoja kikao. Alikimbilia wizarani na karatasi mkononi, na kabla ya jua kuzama amri ikawa imetoka: mchicha wote wa bondeni ung'olewe na kufukiwa Jumatatu asubuhi. Familia mia mbili na kitu zinaishi kwa bustani zile.

Jumamosi, mchana, Mama Majani alikuwa nyumbani amemshikia mumewe futi ya kupimia kitambaa. Redio ikatangaza. Mumewe anasimulia kwamba aliachia futi, akasimama kama aliyeitwa, akasema haiwezekani. Wiki ile ile alikuwa ameshughulikia mchicha wa mlimani, ambako mvua ilinyesha mara mbili ya bondeni, na ule ulikuwa salama. Itakuwaje wa bondeni uwe mara tatu? Hakumalizia chai. Alitoka na kandambili za mumewe, moja ya bluu na nyingine ya kijani, akamwamsha mlinzi wa maabara aliyekuwa amesinzia kwa amani, akafungua kabati la fomu.

Uzito uliotumika ulikuwa mkavu. Akaenda hadi nyumbani kwa mkurugenzi, akamkuta anaosha lile gari. Akamwambia kwamba jibu la kweli ni kama theluthi moja tu ya kikomo, mchicha ni salama, na amri irudishwe leo. Mkurugenzi, huku maji yakimwagika kwenye bomba, akauliza kosa ni la nani. Mama Majani akajibu kwamba ni lake. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa, na hivyo ndivyo mnavyojua nyote.

Amri ilifutwa Jumapili jioni. Mwenyekiti wa wakulima, mjane mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto, alikuwa amekwisha kung'oa matuta manne kwa hasira. Mnafikiri mambo yaliisha? Thubutu! Jumatatu mchicha ukaenda sokoni na hakuna aliyeugusa. Watu waliusogelea, wakaunusa, wakarudi nyuma. Redio iliyosema ni sumu na redio iliyosema si sumu ilikuwa redio moja, basi wakachagua kuamini ya kwanza.

Jumanne asubuhi Mama Majani aliomba ruhusa ya siku tatu. Alichukua jiko la mafuta, sufuria, kipimo kidogo cha mkononi na koti lake jeupe la maabara, akajipanga katikati ya soko karibu na meza ya mwenyekiti. Akapima, akaonyesha watu mshale, akaosha kwa maji matatu, akapika, akala. Yule yule asiyekula majani! Nilikuwepo, nilimwona. Tonge la kwanza alilitafuna na uso wa mtu anayesainishwa talaka. La pili akatabasamu kwa nguvu zote. Alikula asubuhi, mchana na alasiri, siku zote tatu, na kila sahani akimalizia anauliza nani mwingine. Siku ya pili akawa na wateja wa bure. Siku ya tatu mkurugenzi akalazimika kuja na mpigapicha, akapewa sahani iliyojaa hadi pembeni, na mwenyekiti wa wakulima akasimama kumhakikishia kwamba hataondoka hadi aimalize. Alasiri hiyo mchicha wa bondeni uliisha sokoni. Mama Majani alirudi nyumbani na kulala siku nzima, na mumewe anaapa kwamba alikuwa akiota na kutukana mboga.

Siku aliyorudi kazini alikuta barua ya onyo kali mezani kwake. Ilisema uzembe wake umeitia aibu taasisi. Aliisoma, akaiweka kwenye droo chini ya glavu, akauliza sampuli za siku ziko wapi. Mara tatu tangu hapo amependekezwa kuwa Mkuu wa Chumba cha Sampuli, na mara tatu faili lake limefunguliwa, barua ikaonekana, faili likafungwa.

Sasa niseme lililonifanya nikubali kuandika wasifu huu.

Tuliokaa upande wa pili wa kidirisha ndio tunaogawanya. Yeye haigusi hesabu ile, kazi yake inaishia kwenye mizani. Jumamosi ile, kabla ya kwenda kwa mkurugenzi, alipitia chumbani kwangu nilikopanga. Alinikuta napiga pasi shati langu zuri, maana jioni yake nilikuwa nakwenda kujitambulisha ukweni. Siku iliyotangulia, Ijumaa, akili yangu yote ilikuwa kwa wakwe: nitasalimia vipi, nitakaa kiti gani, baba mkwe akiniuliza mshahara nijibu nini. Alinitandikia fomu juu ya meza ya pasi. Uzito wa aina zote mbili ulikuwepo, kwa mwandiko wake mkubwa wa duara ambao hata kipofu angeusoma kwa kidole, mmoja umeandikwa MBICHI na mwingine KAVU. Pembeni kulikuwa na hesabu, kwa mwandiko wangu. Nilichukua mkavu.

Niliketi kitandani, pasi nikaiacha juu ya shati, likaungua. Nilidhani atanipasha, na nilistahili. Aliniuliza kitu kimoja tu: majaribio yangu yamebaki miezi mingapi. Nikamwambia mmoja. Akafikiri kidogo, kama anavyofikiri akitaka kujua tanuri liwekwe joto gani, akasema basi mimi nitafukuzwa leo hii, wakati yeye watamwandikia barua tu, na barua haimuumi mtu. Akaniachia fomu ile, akanikataza kufungua mdomo. Akaniagiza ninawe uso, nitafute shati lingine, na nisimwambie baba mkwe habari za mchicha.

Nikanyamaza. Nilipata kazi ya kudumu, nikaoa, nikapata watoto watatu, nikawa mkuu wa chumba cha mashine. Kila alipopitwa cheo nilimfuata nikamwambia sasa nasema. Mara ya kwanza akanijibu nisubiri mtoto wangu wa kwanza aanze shule. Mara ya pili, nisubiri nimalize kujenga. Mara ya tatu alinifukuza chumbani kwake kwa sababu nimeingia na viatu. Nami, Mungu anisamehe, kila mara nilitoka pale nikiwa nimefarijika. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko kosa lenyewe. Kosa lilikuwa la dakika moja, kunyamaza kumechukua miaka kumi na tisa.

Jumatatu wiki hii nilimpelekea mkurugenzi fomu ile halisi, niliyokuwa nimeificha ndani ya kamusi, pamoja na maelezo yangu ya maandishi. Aliisoma mara mbili. Alitazama kidole chake kile chenye makovu, kisha akampigia simu afisa utumishi. Jana saa nne asubuhi barua ya onyo imetolewa kwenye faili la Mama Majani mbele ya mashahidi wawili, na cheo chake kimesahihishwa: anastaafu akiwa Mkuu wa Chumba cha Sampuli. Barua yangu mwenyewe bado inaandikwa. Nimedokezwa kwamba ni ndefu.

Mama, najua ukifika mstari huu kwenye nakala yako utakuwa umeshavua miwani unanitafuta kwa macho ukumbi mzima. Kaa. Kamati imekuweka katikati ya meza kuu kwa makusudi, mkurugenzi kulia, mumeo kushoto, na wote wawili wameapishwa wasikupishe. Nimeketi safu ya nyuma, karibu na mlango, na mke wangu amenishika mkono. Yeye naye amejua Jumatatu hii, na hajamaliza kulia. Nyuma yetu, ukutani, wamesimama watu arobaini wa bondeni ambao hukuwaalika. Mwenyekiti wao ameahidi kutopaza sauti, lakini simdhamini.

Wenzako wote wa maabara tunakushukuru kwa miaka uliyotupa, tunakuombea afya, usingizi mrefu, na meza isiyo na jani hata moja. Uzito ule uliuandika sawasawa, Mama. Niliyekosea ni mimi.